Mchango wa Fintan

Jumapili saa moja usiku simu hulia,
kule Boston ikiwa bado asubuhi.
Miaka kumi na saba Musembi wangu hajakanyaga huku,
maana akitoka, mlango utajifunga nyuma yake.
Sina haja ya kueleza. Jericho nzima inajua.
Kila nyumba ya tatu ina mtoto asiyekuja mazishini.

Wiki ile hakuniuliza goti linaendeleaje.
Alisema, Mama, chumba cha pili kuna kilio.
Ni Fintan, yule tunayepanda naye mapaa.
Amefiwa na mama yake, na hawezi kwenda.

Fintan ni nani?
Mzungu, Mama. Wa Ayalandi.
Nikanyamaza, chai ikaota utando.
Mzungu, hana karatasi?
Hana.
Na mimi nilidhani wanazaliwa nazo,
kama kucha.

Alikwenda kwa miezi mitatu, kijana wa ishirini na mbili.
Sasa ndevu zina mvi.
Akiona gari la polisi huinama kufunga kamba za viatu
ambazo hazijafunguka.
Jino likimwuma hutafuna karafuu;
karafuu alifundishwa na Musembi.
Kwao ni kaunti ya Leitrim (nao wana kaunti!)
na mama yake, Nuala, kila Krismasi
alimtandikia kitanda shuka safi,
Januari akazikunja.

Hapo nikaiondoa simu sikioni kidogo.
Nina kitanda kama hicho, nyuma ya pazia la maua.
Nimekipandishia cherehani
ili nikione kuwa meza.

Walimzika mbele ya kamera ya kanisa.
Yaani wao walizika; yeye alitazama,
ameketi juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa.
Padri alipoinua mkono, picha ikaganda.
Ilipoachia, udongo ulikuwa umeshajaa.

Jumatano nikalifikisha chamani.
Nyaguthii alicheka hadi akashika mbavu:
Mzungu, tumchangie sisi?
Awinja akasema, babu yangu alivishwa kipande shingoni,
acha nao waonje kuulizwa karatasi.
Ndunge akasema hao si wale,
hao nao walitawaliwa na wale wale.
Wakabishana mpaka maandazi yakapoa.

Mimi historia siiwezi.
Nikawakumbusha Sista Asumpta tu,
aliyetufundisha kushona vifungo na kugawanya kwa desimali,
aliyetuchapa vidole kwa rula, kisha akatupa peremende.
Miaka arobaini, nani alimgongea mlango kuuliza kibali?
Alipokufa mvua ilikuwa ya masika,
gari la maiti likakwama matopeni,
tukalisukuma kwa viatu vya kanisani,
na kwao hakuja hata mtu mmoja.
Tulimlilia wenyewe. Nyaguthii, wewe ulizirai.

Hakujibu. Akafungua pochi,
akachomoa hamsini kama anayeng'oa mwiba.
Jumla, elfu moja mia saba na hamsini.
Katika daftari, chini ya Msiba,
kati ya mabati ya Mama Kyalo na jeneza la mtoto wa Ofafa,
Ndunge akaandika: Fintan wa Nuala.

Zikifika kule ni dola kumi na tatu na senti zake,
hazitoshi hata sanduku la misumari.
Musembi anasema Fintan aliuliza mara mbili ni za nini,
kisha akatoka kwenye ngazi bila koti,
na theluji inaanguka,
akakaa huko muda mrefu kuliko sigara moja.

Aisifuye mvua imemnyea, walisema wa kale.
Mimi siisifu. Najua tu inavyolowesha.

Usiku ule niliishusha cherehani.
Nikatandika shuka za Musembi, zile za mistari,
kisha nikaongeza mto wa pili.
Kitanda ni cha futi tatu na nusu.
Watabanana.